Kabla ya Polishi, Maji: Kutunza Rangi ya Gari Kitengela na Kajiado

Gari jeusi likiwa limeegeshwa Kitengela saa kumi alasiri, jua likielekea milima ya Ngong, liinamie boneti uitazame kwa upande. Pale jua linapoakisiwa utaona nyuzi nyembamba zimelizunguka kama utando wa buibui. Wenye magari wengi wakiuona utando huo husema rangi imezeeka, wakakimbilia polishi. Ukweli ni kwamba nyuzi zile ni mikwaruzo midogo mno, maelfu kwa maelfu, iliyoelekea kila upande, na jicho linaokota ile tu iliyokaa vizuri kuurudisha mwanga. Sehemu kubwa yake imechorwa na mtu aliyekuwa akilisafisha gari. Ndiyo maana nashikilia kwamba mng'ao wa kina si kitu cha kupakwa. Gari hutoka nao kiwandani, na mwenye gari ama anautunza ama anautumia. Kwa vumbi na maji tulivyo navyo Kitengela, Isinya na Kajiado, anayeosha vizuri atahitaji polishi mara chache sana, na anayeosha vibaya anaitumia polishi kulipia makosa ya ndoo yake.

Hesabu ya jambo hili iko kwenye unene. Rangi ya gari la kisasa ni matabaka: chini kuna rangi ya msingi inayozuia kutu, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita kliya. Matabaka yote kwa pamoja huwa na unene wa takriban mikroni 100 hadi 150, na kliya peke yake ni kama 40 au 50, wakati unywele wa mtu una kama 70. Mng'ao wote unaishi kwenye uso wa tabaka hilo jembamba. Uso ukiwa laini kama maji ya bwawa yaliyotulia, mwanga hurudi kwa mpangilio na mti uliosimama kando ya gari huonekana ndani ya mlango. Uso ukikwaruzika mwanga hutawanyika, na weusi hugeuka kijivu. Polishi huondoa mikwaruzo kwa kuuparua uso huo mpaka ushuke kufikia chini ya mkwaruzo. Tuseme kliya ina mikroni 45, na mashine inaondoa 3 kila inapopita. Ukiipitisha mara mbili kwa mwaka, miaka mitano itakuwa imekula 30.

Ongeza kwamba magari mengi yanayopita barabara ya Namanga yaliingia nchini yakiwa yametumika Japani, maana sheria yetu huruhusu gari lisilozidi miaka 8, na mnunuzi hana njia rahisi ya kujua yalisuguliwa mara ngapi kabla ya kupigwa picha za kuuzwa. Kisha liko jua letu. Kitengela iko chini kidogo tu ya ikweta, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,500, na miale inayochoma rangi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndani ya kliya mna kemikali zilizowekwa kuinyonya miale hiyo, na kadiri kliya inavyopungua ndivyo kinga inavyopungua. Yale mabaka meupe yanayobambuka kwenye paa na boneti za magari ya umri mkubwa ni kliya iliyokwisha. Hapo hakuna polishi ya kusaidia, ila kupigwa rangi upya.

Sasa mikwaruzo yenyewe hutoka wapi? Hutoka ardhini, na ardhi ya Kajiado ina mengi ya kusema. Nyanda za Athi na Kapiti zinazozunguka Kitengela zimelaliwa na fonolaiti, mwamba wa volkano wenye fuwele za feldispa ambazo katika baadhi ya mawe huonekana kwa macho. Mwamba huo ukioza huacha ule udongo mweusi unaonasa matairi wakati wa masika na kupasuka kiangazi. Ukielekea mji wa Kajiado unaingia kwenye miamba ya kale zaidi, ambako marumaru hukaa pamoja na mawe yenye kwatzi nyingi. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10, feldispa ni 6 na kwatzi ni 7, wakati kioo cha kawaida ni kama 5.5. Vumbi linaloweza kukwaruza kioo haliwezi kushindwa na kliya, ambayo kwa asili yake ni plastiki. Upande wa Athi River, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, kuna viwanda vya saruji, na chembe za saruji zikikutana na umande wa asubuhi za Julai huwa na ukali wa magadi na huanza kugandamana, kama zinavyofanya kwenye ukuta.

Kwa hiyo kosa kubwa kuliko yote ni kulifuta gari vumbi kwa tambara kavu. Hufanywa kwa nia njema kila asubuhi getini, stejini na kwenye maegesho ya maduka. Vumbi likikaa juu ya rangi bila kuguswa halina madhara makubwa. Likibanwa chini ya kitambaa kinachosukumwa na mkono linakuwa msasa. Kama huna maji siku hiyo, liache gari na vumbi lake.

Maji nayo yana jambo lao, na ushahidi uko jikoni. Birika linalochemshia maji ya kisima Kitengela hujenga ukoko mweupe ndani, mgumu kama chokaa, na kwa sehemu kubwa ni chokaa kweli: kalisi iliyoyeyushwa na maji huko ardhini, ikarudi kuwa kitu kigumu maji yalipochemka. Kila tone linalokauka juu ya boneti hufanya vivyo hivyo. Tuseme maji yako yana miligramu 800 za chumvi katika kila lita, na baada ya kusuuza inabaki nusu lita imetapakaa juu ya bodi. Jua likiyakausha, karibu nusu gramu ya chumvi itabaki, imekusanyika kwenye vijiduara. Vijiduara hivyo ndivyo vinavyolifanya gari lililotoka kuoshwa lionekane chafu likishafika nyumbani. Vikiachwa wiki nyingi juani hushika, vingine vikaacha alama iliyozama kwenye kliya. Vikiwa bado vichanga, siki nyeupe ya dukani iliyochanganywa na maji kiasi sawa huviyeyusha. Paka kwa kitambaa laini kwenye kivuli, bodi ikiwa baridi, subiri kama dakika moja, kisha suuza kabisa. Usisugue. Dawa iliyo bora zaidi ni maji ya mvua, ambayo hayana kalisi. Nyumba nyingi za huku zina mabati na tangi. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa, zitakazofuata zikingwe, na mitungi miwili ihifadhiwe kwa ajili ya kusuuza gari mara ya mwisho.

Ukishaelewa vumbi na maji, namna ya kuosha inajieleza. Gari lioshwe asubuhi mapema au jioni, kivulini, boneti ikiwa imepoa kiasi cha kuwekea kiganja bila kukiondoa. Anza na maji matupu, mengi kuliko unavyodhani, yakitiririka kutoka paa kwenda chini, bila kugusa kitu. Udongo mweusi uliokauka kwenye matao ya magurudumu na ukingo wa chini wa milango usiubandue kwa kucha wala brashi. Huo ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji, basi ulowanishe, ungoje dakika kumi, ulowanishe tena, nao utaachia wenyewe pamoja na changarawe iliyoshikilia. Kisha chukua ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji ya kusuuzia glavu ya maikrofaiba. Anza na paa, ufuate vioo, boneti, milango, na uache bampa na sehemu za chini mwisho kabisa. Kila ukimaliza kipande, isuuze glavu kwenye ndoo ya pili kabla ya kuirudisha kwenye sabuni, kisha chungulia chini ya ndoo hiyo ya pili. Mchanga utakaouona umelala pale ndio ambao kwa mtindo wa ndoo moja ungerudishwa juu ya rangi. Mkono uende mstari mnyoofu, bila kukandamiza. Magurudumu yawe na ndoo na tambara lake, na tambara hilo lisiguse bodi kamwe.

Sabuni ya unga ibaki ya nguo. Ina sodiamu kaboneti, kemikali ile ile inayochimbwa Magadi ndani ya kaunti hii hii, na ukali wake huiondoa nta yoyote iliyokuwa ikiilinda rangi, mbali na chembe zisizoyeyuka vizuri. Shampuu ya magari kidogo katika ndoo ya lita 10 inatosha. Ukimaliza, mwaga polepole yale maji ya mvua juu ya paa na boneti, kisha laza taulo nene la maikrofaiba juu ya maji, ulivute taratibu au ulibonyeze. Tisheti kuukuu, hata ya pamba, ina mishono inayokwaruza.

Baada ya hapo tu ndipo polishi ipate nafasi, na kwanza gari lipimwe. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilituachia karatasi ya nailoni ya mkate, nayo ndiyo kipimo. Ivae mkononi, upitishe ncha za vidole juu ya boneti iliyooshwa na kukauka, kwa wepesi wa kugusa shavu la mtoto. Ukihisi vipele kama vya msasa mwembamba, hivyo ni chembe za saruji, za chuma cha breki na utomvu zilizokwama ambazo sabuni haiwezi kuzing'oa. Huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, bonge laini linaloteleza juu ya maji ya sabuni na kuzibeba chembe. Kila upande wake ukichafuka unaukunja, na likidondoka chini unalitupa, kwa sababu limeshaokota mchanga. Halafu jaribu polishi laini kabisa kwa mkono, kwenye eneo la ukubwa wa kiganja, sehemu isiyoonekana sana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, jua kwamba gari hilo halina kliya, jambo linalotokea kwa baadhi ya magari meupe ya kazi, nawe endelea kwa tahadhari mara mbili. Kama sehemu hiyo imekuridhisha, usitafute polishi kali zaidi. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha umezama mno, uache ulivyo. Malizia na nta, iwe ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi wa Brazili, au ya kutengenezwa. Ipakwe nyembamba, ikauke, ifutwe. Nta haileti kina cha mng'ao, ila huyafanya maji na vumbi viachie upesi, hivyo mara ijayo mkono hautalazimika kusugua sana.

Kuna pingamizi zito la maji, na halistahili kupuuzwa katika kaunti ambayo wafugaji wake walipoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023, na ambako bomba la Nolturesh kutoka miguuni mwa Kilimanjaro halijawahi kututosheleza. Lakini njia niliyoieleza inamalizwa kwa mitungi mitatu au minne ya lita 20. Mpira unaotoa lita 10 kwa dakika, ukiachwa wazi robo saa, humwaga 150. Na gari lenye nta huhitaji kuoshwa mara chache. Pingamizi jingine husema vumbi litarudi kabla ya jioni, na ni kweli litarudi, ila tulishaona kwamba vumbi lililotulia haliumizi. Wengine husifu mafuta ya taa au dizeli yaliyopakwa kwa kitambaa, na macho yao hayawadanganyi: mafuta huujaza mkwaruzo, mwanga ukapita kama vile haupo. Siku mbili baadaye yamekuwa gundi ya vumbi, na anayeifuta gundi hiyo anachora mikwaruzo mipya. Wale wenye uwezo huuliza kuhusu koti la seramiki. Ni kinga nzuri na hudumu kuliko nta, lakini ni jembamba kuliko kliya, haliyazuii maji ya kisima kuacha duara yakikauka juu yake, na likipakwa juu ya utando wa buibui litauhifadhi utando huo.

Linabaki swali la mwenye gari anayetoka kazini Nairobi usiku na ambaye Jumamosi yake haimruhusu kushika ndoo. Huyo aende kwa waosha magari bila kuona aibu, lakini abebe glavu yake na taulo lake, aombe gari limwagiwe maji kwa muda mrefu kabla ya kuguswa, na awaachie vijana magurudumu, zulia na injini. Boneti na paa asiruhusu vifutwe kwa tambara lililotoka kwenye rimu. Mtungi mmoja wa maji ya mvua ukikaa kwenye buti, unatosha kwa kusuuza mara ya mwisho kabla jua halijapanda.