Ziwa Lisilosubiri Mimba

Swali ambalo wake zetu huliuliza kwa sauti ya chini, aghalabu baada ya mazungumzo mengine yote kwisha na mtu ameshasimama mlangoni kutaka kwenda zake, ni hili: je, mwanamke ambaye hakupata kuchukua mimba, akikabidhiwa kitoto kichanga cha marehemu dada yake, au yatima asiye na jamaa, yumkini akamnyonyesha kwa ziwa lake mwenyewe? Jawabu ni kwamba yumkini, wala hapana muujiza ndani yake. Ila sisi tumezoea kudhani kwamba maziwa ni tunda la tumbo, hali tumbo huyatengenezea njia tu, na anayeyaita ni mtoto kwa kinywa chake.

Mwanamke anapokuwa mja mzito, homoni mbili, estrojeni na projesteroni, hulijenga ziwa lake mwezi baada ya mwezi, mirija ikatanda kama matawi na vifuko vidogo vya kutengenezea maziwa vikaongezeka na kukomaa. Lakini maadamu kondo bado limo tumboni, projesteroni ile ile iliyojenga ndiyo huyazuia maziwa yasishuke kwa wingi. Kondo likishatoka kizuizi huondoka, na homoni ya tatu, prolaktini, itokayo katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Prolaktini haiulizi nani amezaa na nani hakuzaa: chuchu inyonywapo, mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni, na tezi ile huimwaga katika damu, pamoja na oksitosini, ambayo huvibana vile vifuko hata maziwa yakachuruzika. Atakaye ushahidi kwamba ziwa hutii homoni popote zitokapo, na amtazame mtoto aliyezaliwa juzi, awe wa kike au wa kiume, kwani mara nyingine vifua vyake huvimba na kutoa tone mbili tatu za maziwa kwa athari ya homoni za mama yake. (Na hapa niwaombe mabibi waache kuvikamua vifua hivyo, kwani huingiza usaha bure.)

Waganga wa kale walilijua jambo hili kwa upande wake wa maradhi. Katika maandishi yanayonasibishwa na Hippocrates wa Uyunani imetajwa kwamba mwanamke asiye na mimba wala hakuzaa, akiwa na maziwa, hedhi yake imekatika; na mpaka leo maziwa yajayo yenyewe, bila kutafutwa, ni sababu ya kumwendea tabibu, maana huenda tezi ile ina uvimbe. Amma wanawake waliokuwa na haja ya maziwa waliyapata bila kusoma kitabu: mwaka 1956 jarida moja la matabibu wa watoto lilichapisha habari za mabibi wa Afrika Kusini waliowanyonyesha wajukuu zao. Mabibi hao, hata hivyo, walikwisha kuzaa zamani, na ziwa lililokwisha kunyonyesha huamka upesi kuliko lile ambalo halijapata kufanya kazi hiyo kamwe.

Kwa huyu wa pili njia ni ndefu. Mtoto huwekwa kifuani mara nane mpaka kumi na mbili kwa mchana na usiku, na kwa kuwa hapana mtoto atakayekubali kunyonya ziwa kavu kwa siku nyingi, hutumika hila moja nzuri: mrija mwembamba hutiwa ncha moja katika kikombe cha maziwa na ncha ya pili ikalazwa ubavuni mwa chuchu, hata mtoto akavuta vyote pamoja, akashiba kikombe huku akilifundisha ziwa. Kikombe kikiinuliwa maziwa hukimbia, kikishushwa huenda polepole. Matone ya kwanza huja baada ya wiki moja mpaka sita. Wako matabibu ambao hutangulia kumpa mwanamke vidonge vya estrojeni na projesteroni kwa miezi kadhaa, kisha huvikatisha ghafula, kana kwamba kondo limetoka; na wako waongezao domperidoni, dawa ya tumbo ambayo hupandisha prolaktini, lakini yaweza kuharibu mwendo wa moyo, na tangu mwaka 2004 wakuu wa dawa wa Marekani wameonya isitumiwe kwa ajili ya maziwa. Asiinunue mtu dukani kwa shauri la jirani. Fauka ya hayo, kabla ya mtoto kuwekwa kifuani, mlezi apimwe virusi vya Ukimwi.

Je, maziwa hutosha? Aghalabu hayatoshi peke yake, na hili lisemwe mapema, kwani nimeona wanawake wakijilaumu pasipo kosa. Wanawake 240 wa Marekani waliochunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1981, wengi wao walihitaji kuongeza maziwa mengine, na walichokithamini zaidi ni mapenzi baina yao na watoto. Kinyume chake, huko Papua New Guinea, ambako sheria ya mwaka 1977 iliifanya chupa ya mtoto isipatikane illa kwa cheti, habari za walezi 37 zilizochapishwa mwaka 1994 zaonyesha kwamba walio wengi walifanikiwa. Nadhani pale pasipo na chupa karibu, mlezi hana budi kuvumilia, na watu wa nyumbani humsaidia badala ya kumcheka. Dang'a, yale maziwa mazito ya siku za mwanzo, kwa kawaida hayapatikani. Yajayo hufanana na maziwa ya mama aliyezaa wiki kadhaa nyuma. Basi mtoto apimwe uzito kila wiki, na nepi zake zihesabiwe.

Kwa Waislamu wa pwani yetu liko jambo jingine, ambalo mizani ya kliniki hailipimi. Mtoto wa kulea hawi wa nasaba, na akibaleghe huwa ajinabi katika nyumba iliyomlea. Lakini kwa madhehebu ya Shafi, akinyonya mara tano mbalimbali kabla hajatimiza miaka miwili, yule mlezi amekuwa mama yake wa kunyonya, hata kama hakuzaa maishani mwake, na hata kama kila mara alipata maziwa kidogo tu. Na kwa kuwa kila aliyenyonya ziwa hilo amekuwa ndugu yake, asiyeweza kumwoa, yafaa familia iandike siku na majina, na daftari hilo liwekwe pamoja na hati za ndoa.