Nguo Zinazobaki Jioni

Belo la mitumba likifunguliwa sokoni Kasulu, nguo nzuri huondoka mapema. Jioni hubaki mashati ya watu wa miraba minne, suruali zilizoisha magotini na makoti mapana ya sufu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua, mpango ambao Tanzania haikuufikisha mwisho, watu walibishana kama iingie au isiingie. Masalia haya ya jioni hayakutajwa sana. Kwa anayejifunza ushonaji Kasulu au Kibondo, na hata katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ambako vijana wamefundishwa stadi hiyo, masalia hayo ndiyo duka la vitambaa lililo karibu na mfuko wake.

Kwanza ikague nguo. Inyanyue dirishani: mwanga ukipenya kwapani au kwenye kiwiko, kitambaa kimechoka, mshono mpya hautashika. Mgongo kwa kawaida bado ni mzima. Kisha chomoa nyuzi chache uzichome. Pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikipoa ni kidonge kigumu. Usiliruke jaribio hili, kwani pasi ya mkaa haina kidhibiti joto, na poliesta iliyoungua haitengenezeki.

Kufumua kunataka wembe na subira. Kata uzi wa upande mmoja kila baada ya hatua tatu au nne za sindano, kisha vuta uzi wa upande wa pili; utatoka wenyewe bila kujeruhi kitambaa. Anayekata kwa mkasi kando ya mshono anapoteza sentimita ambazo atazililia wakati wa kupima.

Kosa linaloniuma zaidi ni kuunga shati kuukuu na kitenge kipya kisichofuliwa. Shati limefuliwa miaka, limekwisha kusinyaa; kitenge bado. Gauni likifuliwa mara ya kwanza, maungio yote yanajikunja na mteja harudi. Loweka kitenge, kianike, kipige pasi, ndipo ukate.

Koti la sufu linaweza kutoa kizibao cha mtoto wa shule, pamoja na mifuko yake, kwa baridi ya asubuhi za Juni na Julai huku milimani. Na shati? Panga mgongo wa gauni la mtoto juu ya kifua cha shati, vishikizo vikiwa katikati: matundu ya vishikizo yameshashonwa, tena vizuri kuliko cherehani ya kukanyaga inavyoweza.