Pima Chumba Kabla ya Chuma

Wengi katika ndugu zetu wakaao Uingereza huishi katika nyumba zipashwazo joto kwa maji, ambayo boila huyatia moto, pampu ikayasukuma mabombani, na rejeta za chuma zilizotundikwa ukutani zikatoa joto lake chumbani. Rejeta ikiliwa na kutu hata ikavuja, aghalabu mwenye nyumba hupima urefu na kimo cha ile kuukuu, akanunua nyingine ya kadiri ile ile na kudhani kazi imekwisha. Ilhali yamkini kadiri hiyo ilichaguliwa zamani, kabla madirisha hayajatiwa vioo viwili, wala boila ya siku zile si hii ya leo. Lililo sawa ni kuanza na chumba chenyewe.

Joto la chumba hupotea kwa kupenya kuta, madirisha, sakafu na dari, na kwa hewa ipitayo penye mianya. Hesabu ya ukuta ni kuzidisha eneo lake kwa kipimo cha upitishaji joto, kisha kwa tofauti ya joto la ndani na la nje. Tuseme sebule yatakiwa nyuzi 21, na nje ni nyuzi 3 chini ya sifuri: tofauti ni 24. Ukuta wa nje wa mita za mraba 10, wa matofali ya kale yasiyo na uwazi kati, ambao kipimo chake ni takriban 2, utapoteza wati 480. Ukuta wa eneo hilo hilo wenye uwazi uliojazwa sufu ya madini, kipimo kikiwa 0.5, utapoteza 120 tu. Fanya vivyo hivyo kwa kila upande, ongeza hasara ya hewa, nawe utapata wati za chumba kizima.

Lakini wati ziandikwazo na kiwanda hupimwa, kwa kanuni ya Ulaya, maji yakiingia kwa nyuzi 75 na kutoka kwa 65, chumba kikiwa 20, yaani wastani wa maji umekizidi chumba kwa nyuzi 50. Zidio hilo likishuka hadi 30, rejeta hutoa takriban nusu ya wati zake, hivyo chumba kihitajicho wati 1,300 chataka rejeta iliyoandikwa 2,500 hivi. Wala jambo hili si la kupuuzwa, maadamu boila za siku hizi huokoa joto la mvuke ulio katika moshi pale tu maji yarudiyo yanapokuwa chini ya nyuzi 55 hivi, na pampu za joto hutumia umeme kidogo zaidi maji yasipokuwa moto mno.

Kuongeza wati si lazima kurefusha rejeta. Ya namba 11 ina bamba moja na safu moja ya bati lililokunjwakunjwa. Ya namba 22 ina mabamba mawili na safu mbili, na kwa urefu na kimo kile kile hutoa zaidi ya mara moja na nusu, ingawa hujitokeza zaidi ukutani. Pima pia nafasi kati ya mabomba, kwani rejeta za kale zilitengenezwa kwa inchi. Baada ya kufunga, maji yatiwe tena dawa ya kuzuia kutu, hewa itolewe, na vali zirekebishwe ili kila chumba kipate haki yake.

Rejeta kubwa iliyochaguliwa kwa hesabu si israfu, kwani vali ya thamostati huipunguza chumba kikishapata joto la kutosha. Israfu ni kuyachemsha maji kupita kiasi ili kufidia rejeta ndogo. Basi aendaye dukani na achukue karatasi ya hesabu ya chumba chake, na fundi asiyetaka kuitazama karatasi hiyo asikabidhiwe kazi.