Damu Katika Choo: Usinyamaze

Wafanyakazi wenzangu, na ninyi mama wa nyumbani, leo nasema juu ya jambo ambalo watu wanaona haya kulitaja hata mbele ya munganga: damu katika haja kubwa.

Kwetu Birere, mtu akiona damu hiyo anakimbilia duka la dawa kununua dawa ya amiba. Mara nyingi kweli ni amiba, au bawasiri. Lakini damu ikirudi baada ya dawa, au mtu akikonda na kuishiwa nguvu kazini, lazima tufikiri pia kansere ya utumbo mpana.

Kansere hiyo haianzi kubwa. Mara nyingi inaanza kama kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo, ambacho kinaweza kukaa miaka 10 bila kuuma kabla hakijageuka kansere. Munganga anaingiza kwa njia ya haja mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera mbele, unaitwa endoskopi. Jana yake mgonjwa amekunywa dawa ya kusafisha tumbo, na hiyo ndiyo taabu yenyewe, kuliko mpira. Ndani ya mpira hupita kitanzi cha waya. Kinakaza shina la kinyama, umeme unapitishwa, kinyama kinakatika. Waganga William Wolff na Hiromi Shinya walifanya kazi hiyo New York tangu 1969. Tumbo halipasuliwi, na hata kansere changa, ambayo haijazama ndani, inaweza kutolewa hivyo.

Wengine wananiuliza juu ya leza. Ni mwanga wenye nguvu ya kuchoma nyama, unaopitishwa katika uzi mwembamba ndani ya mpira uleule. Inasaidia hasa mgonjwa asiyeweza kupasuliwa, au pale kansere kubwa imeziba njia. Lakini leza inaunguza kinyama, hakibaki kipande kizima cha kupeleka laboratwari kutazama kansere imefika wapi. Ndiyo sababu, kwa kinyama kidogo, mimi nakiamini kitanzi zaidi. Na kansere ikiisha kuzama sana katika ukuta wa utumbo, kitanzi na leza haviiponyi tena; ni kisu, kama bado inawezekana.

Mpira huo haupo katika dispensari yetu. Mimi napima choo, naandika barua ya kukupeleka kwa munganga wa hospitali kubwa. Basi ukija, niambie wazi: damu ni ya siku ngapi, ni nyekundu au nyeusi, umekwisha kumeza dawa gani, na kama baba, mama au ndugu yako aliugua kansere ya utumbo.