Umezoea ‘ping’ ya Garand? Fundi hutegea ‘tik’

Kama umewahi kucheza Call of Duty ya kwanza, ile ya 2003, basi M1 Garand unaijua. Risasi nane, halafu ‘ping!’, kile chuma kilichobeba risasi kinaruka nje. Sasa nikwambie: fundi wa bunduki hii hana haja na hiyo ping. Yeye hutegea ‘tik’ ndogo sana.

Mimi uhandisi niliuacha mwaka wa pili, lakini mashine bado hazijaniachilia. Hebu tuifungue hii.

John Garand aliibuni akifanya kazi Springfield Armory, Marekani, na jeshi likaikubali 1936. Kila ukivuta triga inatoka risasi moja tu. Kwa nini isiendelee? Ndani kuna nyundo. Ikishagonga pini, gesi inarudisha boliti nyuma na nyundo inalazwa. Kidole chako bado kimevuta, kwa hivyo kulabu ya nyuma inaidaka. Ukiachilia, kulabu hiyo inaikabidhi nyundo kwa kulabu ya triga. Hapo ndipo unasikia ‘tik’.

Fundi akiipima, kwanza anahakikisha haina risasi, kwa macho na kwa kidole. Anavuta triga na kuishikilia, anarudisha boliti nyuma, anaiachia, kisha anaachilia triga polepole. Tik? Poa. Lakini nyundo ikianguka, hiyo ni balaa: bunduki inaweza kulia pale unapoondoa kidole, ukidhani umemaliza.

Na je, nyundo ikifuata boliti mbele wakati triga bado imevutwa? Kulabu ya nyuma imelika au haifiki. Risasi ya pili inaweza kutoka bila wewe kuitaka.

Risasi ikikataa kulipuka, fundi anaangalia kitako chake. Alama ya pini ikiwa hafifu, anashuku springi ya nyundo iliyochoka, au uchafu na grisi ya zamani.

Kulabu iliyolika hubadilishwa. Usidanganywe na jamaa mwenye tupa. Akikosea kidogo tu, tik inapotea kabisa.

Na hapa Kenya, Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inataka uwe na cheti kabla hujamiliki bunduki. Usiione kama usumbufu. Kwenye gemu ukipigwa unaanza upya. Huku nje, aliyesimama mbele ya mtutu hana raundi ya pili.