Logi Kwanza, Kisanduku Baadaye

Chemchemi za bonde moja hutofautiana sana kwa usafi. Moja ikipimwa inaweza kukutwa na vijidudu 3 vya E. coli katika mililita 100 za maji, ya pili 40, na ile inayokanyagwa na ng'ombe 2,000. Kwa mama wa Shianda, kule Kakamega, tofauti hiyo ni afya ya mtoto. Kwa afisa wa afya anayeandaa ripoti ni kazi ya kuchora pia: kwenye grafu ya kawaida, 2,000 inatawala ukurasa mzima na nyingine zinasongamana chini, hazisomeki.

Mchoro wa kisanduku, ulioenezwa na mwanatakwimu Mmarekani John Tukey katika kitabu chake cha 1977, unafaa hapa. Nusu ya vipimo imo ndani ya kisanduku, na mstari unaokikata ni mediani. Mikia yake, yaani mistari inayotoka juu na chini ya kisanduku, haivuki mara 1.5 ya urefu wa kisanduku. Kipimo kinachobaki nje huwekewa nukta, na wasomaji huiona nukta hiyo kama kioja.

Mtego uko kwenye mikia. Tuseme robo ya chini, yaani ukingo wa chini wa kisanduku, ni 10 na ya juu ni 200. Urefu ni 190, kwa hiyo mpaka wa juu ni 485 na wa chini ni hasi 275, idadi isiyowezekana. Chemchemi yenye 900 inageuka kioja bure. Sasa tafuta logi (logarithi ya msingi wa kumi) kwanza: 10 inakuwa 1, 200 inakuwa 2.3. Ukirudisha mipaka kwenye namba za kawaida, wa juu ni karibu 18,000 na wa chini 0.1. Ile 900 ni chemchemi chafu kama nyingine. Wanaotumia programu ya R wawe macho: amri ya boxplot yenye log="y" hukokotoa mikia kwa namba ghafi, ilhali scale_y_log10 ya ggplot2 huanza na logi.

Kwenye mhimili andika 1, 10, 100, 1,000, usiandike 0, 1, 2, 3. Kila hatua ni mara kumi, na hilo lieleze waziwazi. Faida yake ni kubwa. Kwa mfano, utafiti wa Kremer, Leino, Miguel na Zwane, uliofanyika Busia na Butere-Mumias na kuchapishwa 2011, ulionyesha kwamba kujengea chemchemi kinga kulipunguza E. coli kwenye chanzo kwa asilimia 66, lakini majumbani kwa asilimia 24 tu. Kwenye skeli ya logi, upungufu wa asilimia 66 una urefu uleule, chemchemi iwe ilianza na 30 au 3,000.

Inabaki sifuri, ambayo haina logi. Wengi huifuta, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasionekane na E. coli hata moja katika mililita 100. Ukizifuta sifuri umezifuta chemchemi salama! Zipe mstari wao chini ya mchoro, ziandikiwe "haikuonekana" pamoja na idadi yake. Zikizidi robo ya vipimo vyote, acha kisanduku wazi upande wa chini, usibuni ukingo.

Na kama una chemchemi tano tu, tafadhali usichore kisanduku. Weka nukta tano.