Gari ya Mkononi Inachemsha? Uliza Maswali Mawili Kabla ya Kutoa Hela



Msimu wa nyanya ukiisha, wakulima wengi wa huku nyanda za juu wananunua kirikuu ya mkononi ili waachane na kubembeleza magari ya watu. Ni uamuzi mzuri, maana nyanya iliyoiva haisubiri usafiri. Lakini baada ya mwezi mmoja au miwili napigiwa simu: "Bwana shamba, gari inachemsha, nimeongeza maji wee mpaka nimechoka."

Mimi nimesomea kilimo, ufundi wa magari ni wa mafundi. Ila kutafuta chanzo cha tatizo ndiyo kazi yangu ya kila siku, na njia ni ileile. Nyanya ikinyauka, hatukimbilii kumwagilia. Inaweza kuwa kiu kweli, inaweza kuwa minyoo fundo kwenye mizizi, inaweza kuwa mnyauko bakteria. Dalili ni moja, dawa ni tofauti. Injini nayo ni hivyo hivyo: kuchemsha ni dalili. Anayeongeza maji kila asubuhi bila kujua yanapotelea wapi anamwagilia mche wenye bakteria.

Jinsi injini inavyopozwa

Pampu inasukuma maji yazunguke ndani ya injini yakibeba joto. Injini ikishapata moto, kwa gari nyingi kwenye nyuzi 80 na kitu, kidude kinachoitwa thamostati kinafungua njia, maji yanakwenda kwenye rejeta. Huko yanapozwa na upepo wa mwendo, na gari ikisimama yanapozwa na feni. Kifuniko cha rejeta kinabana presha ili maji yasichemke mapema.

Hicho kifuniko watu wanakidharau. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji kwenye sufuria wazi yanachemka karibu nyuzi 95, siyo 100. Njombe ni chini zaidi ya hapo. Kifuniko kizima chenye namba 0.9 kinapandisha kiwango hicho kwa takribani nyuzi 20. Mpira wake ukichoka, gari iliyokuwa salama Dar es Salaam inaweza kuchemsha huku kwetu milimani. Na ni kitu cha bei ndogo kabisa.

Swali la kwanza: inachemsha LINI?

1. *Ikiwa imesimama au inatembea polepole, lakini ikishika barabara inapoa.* Angalia feni kwanza. Iache iungurume imesimama mpaka mshale upande, usikilize kama feni inawaka. Kama haiwaki, kagua fyuzi, rilei, nyaya, sensa, na mota yenyewe.

2. *Ikipanda mlima au ikienda kasi na mzigo.* Hapo maji hayapiti ya kutosha au upepo haupenyi. Inaweza kuwa rejeta imeziba kwa ndani, pampu imechoka, au mkanda umelegea. Kwa gari za shambani, tazama pia uso wa rejeta: pumba, majani, wadudu na tope hujaa kwenye vile vipezi. Safisha kwa maji ya taratibu kutokea upande wa ndani kwenda nje. Mashine ya presha inalaza vipezi.

3. *Dakika chache tu baada ya kuwasha.* Maji ni pungufu, kuna hewa imenaswa, au thamostati imegoma kufunguka. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa wa moto sana na wa chini umebaki baridi, mshuku thamostati. Zima injini kabla ya kupeleka mkono huko, feni inaweza kuwaka ghafla.

Kuna kikundi kimoja cha vijana kata ya jirani ambacho kirikuu yao ilichemsha gulioni tu, wakati wa kupakia. Barabarani ilikuwa poa. Wakabadilishiwa rejeta. Bado. Wakabadilishiwa pampu. Bado. Mwisho ikaonekana ni waya wa feni ulioungua. Lakini kwa muda huo wote waliendelea kuitumia, hedi ikapinda, na hela ya mbegu ya msimu uliofuata ikaishia gereji. Wangeanza na swali la "lini", wangeanza na feni.

Swali la pili: maji yanaenda WAPI?

Kama maji hayapungui, rudi kwenye swali la kwanza. Kama yanapungua, tandika boksi kavu chini ya gari usiku kucha. Tone likionekana, lifuate juu: mipira, kona za rejeta, pampu. Zulia la miguuni likilowa, angalia rejeta ndogo ya hita.

Boksi likibaki kavu na maji bado yanapungua, hofu kubwa ni gasketi ya hedi. Dalili zake ni hizi:

- Oili imekuwa kama chai ya maziwa.
- Moshi mweupe mzito unaendelea hata injini ikishapata moto.
- Mapovu yanatoka mfululizo kwenye rejeta.
- Mipira inakakamaa dakika moja au mbili tu baada ya kuwasha injini ya baridi.

Ukiona hivyo simamisha kazi. Kila safari unayoongeza inaongeza gharama. Fundi akifungua, mwambie hedi ipimwe kama imepinda kabla ya kufunga gasketi mpya. La sivyo, utarudi gereji na tatizo lilelile.

Na mzigo je?

Hizi kirikuu za Kijapani za cc 660 zimetengenezwa kubeba kilo 350. Tenga la nyanya likiwa na kilo 40, matenga 9 tu tayari umepita. Sisi tunapakia matenga 20 na mtu juu. Halafu dereva anarudi na mifuko ya mbolea anapanda Kitonga saa nane mchana. Hapo gari nzima kabisa nayo itapata homa. Punguza mzigo, panda asubuhi mapema, tumia gia ndogo.

Kabla hujamlipa dalali

- Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Gusa injini. Ukiikuta ya moto, rudi kesho yake.
- Ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji ya rangi ya kutu au yenye utando wa mafuta ni onyo.
- Washa swichi bila kuwasha injini. Kama gari yake inatumia taa nyekundu badala ya mshale, taa iwake kidogo na kuzimika. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini.
- Feni ikianza kuzunguka mara tu ukiwasha swichi, injini ikiwa baridi, huenda imeungwa moja kwa moja. Kuna kitu kilikwepwa.
- Mshale ukikaa chini muda wote hata baada ya mwendo mrefu, thamostati huenda imetolewa ili gari ipite majaribio.
- Jaribu ukiwa na mzigo, kwenye mlima, angalau nusu saa. Ukimaliza, iache iungurume imesimama dakika 15.

Muuzaji akikataa majaribio haya, gari umeshaipima.

Ikichemsha ukiwa njiani

Zima AC, fungua hita mpaka mwisho, itasaidia kutoa joto wakati unatafuta pa kuegesha. Egesha, zima injini. Usifungue kifuniko cha moto hata kama nyanya zinaharibika. Maji yale yanaruka na kubabua uso. Subiri mpaka rejeta ishikike kwa mkono. Usimwagie injini maji baridi, hedi ya alumini inapinda au kupasuka. Ukishaongeza maji, nenda taratibu mpaka kwa fundi. Usiendelee mpaka sokoni.

Na maji yenyewe: ya kisima chenye chumvi yanaacha ukoko ndani ya rejeta kama ule wa kwenye birika. Weka kulanti inayofaa gari yako, iliyochanganywa kama chupa inavyoelekeza. Mfumo ukimwagwa, fundi atoe hewa yote. Kirikuu nyingi zina injini chini ya viti na mabomba marefu kutoka mbele, hewa inanasa kirahisi.

Andika kwenye daftari la shamba tarehe na kiasi cha maji unachoongeza. Ukienda kwa fundi, mpe majibu ya yale maswali mawili kabla hajashika spana. Atakayekusikiliza mpe kazi. Atakayekwambia "tubadilishe rejeta kwanza tuone", mwage.

Kazi njema, na mzigo ufike salama.